Mkutano wa Marafiki: jinsi ya kuingia, kukaa na kubeba sehemu yako

Marafiki, wale ambao dunia imezoea kuwaita Wakweka, hutumia neno moja kwa mambo matatu. Mkutano ni ibada ya Jumapili. Mkutano ni watu wenyewe, hata siku ya Jumatano wakiwa wametawanyika kila mmoja kwake. Na mkutano ni kikao cha kuamua paa litengenezwe lini na kwa fedha ipi. Nilikaa nao miaka kadhaa ndipo nikaelewa kwamba hawakupungukiwa na maneno. Ni jambo moja kweli: kusikiliza pamoja. Anayekuja kwa ajili ya kimya tu, akaondoka watu wakianza kupeana mikono, amechukua theluthi na kuacha theluthi mbili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na benchi la ibada, lakini utakaa zaidi mahali ambapo wageni wengi hawafiki.

Ujue kwanza unaingia wapi

Jina la Wakweka lilianza kama dhihaka. Mwaka 1650, mjini Derby nchini Uingereza, George Fox, mwanzilishi wao, alifikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya mahubiri yake. Akawaambia wakubwa wale watetemeke mbele ya neno la Bwana. Hakimu akamrudishia neno hilohilo, akawaita yeye na wenzake watetemekaji, kwa Kiingereza Quakers. Wao wenyewe walipenda kuitwa Marafiki, kwa kufuata Yohana 15, pale Yesu anaposema hawaiti tena wanafunzi wake watumwa, bali marafiki.

Msingi wao ni mfupi kuusema na mrefu kuuishi: Nuru ya Kristo inamwangazia kila mtu, kwa hiyo kila mtu anaweza kumsikia Mungu bila kuhani wa katikati. Mengine yote yanatoka hapo. Mwanamke anaweza kuhubiri, na Margaret Fell, mmoja wa viongozi wao wa kwanza, aliandika kulitetea hilo mwaka 1666. Mtu hapaswi kuuawa vitani, kwa kuwa ile Nuru imo ndani yake pia, ndiyo maana ya tamko la amani walilompelekea mfalme Charles II mwaka 1660. Hawaapi mahakamani, kwa sababu anayeapa anakubali kwamba siku nyingine neno lake lina upungufu. Amani, usawa, ukweli na maisha yasiyo na makuu: Marafiki huyaita haya shuhuda, na hawayakariri kama kanuni ya imani.

Zipo njia mbili za kuabudu. Mikutano mingi duniani ina mchungaji, nyimbo, masomo na mahubiri. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa nchini Kenya, ambako wamisionari watatu kutoka Marekani walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, na ambako leo kuna Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Mikutano mingine inaabudu kwa kimya, bila kitu kilichopangwa. Ibada ninayoieleza hapa ni ya kimya. Lakini namna ya kuamua mambo na kutunzana ni urithi wa pande zote mbili, na msomaji wa kanisa lenye mchungaji atayakuta mengi ya kwao.

Hatua ya kwanza: fika mapema, keti karibu

Fika dakika kumi kabla ya saa. Ibada haianzi saa ikigonga. Inaanza mtu wa kwanza anapoketi na kutulia, iwe ni mmoja tu ndani ya chumba. Ukichelewa, simama mlangoni usubiri upenyo, labda baada ya mtu kumaliza kusema, kisha uingie taratibu.

Huhitaji nguo maalumu wala kujua sala yoyote. Zima simu kabisa, kwa sababu ile ya mtetemo husikika chumba kizima. Usikae nyuma kabisa. Wageni hukimbilia huko, nami nilifanya hivyo, lakini nyuma utabaki mtazamaji. Viti mara nyingi vimepangwa kwa duara au kwa kutazamana, ili mtu asiangalie kisogo cha mwenzake.

Hatua ya pili: saa moja ya kimya

Dakika za kwanza ni za mwili. Kiti kinalia, tumbo linanguruma, mtu anakohoa, na wewe unakumbuka hujafunga dirisha nyumbani. Acha. Weka nyayo zote mbili sakafuni, mikono mapajani, pumua kama kawaida. Usijaribu kufukuza mawazo. Ukiyafukuza yanarudi na ndugu zao.

Baada ya mwili huja orodha ya kazi, madeni, maneno uliyoambiwa juzi yakakuuma. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa. Hawajashindwa. Yale yanayopanda juu ndiyo uliyoyaleta, na huwezi kumpa Mungu usichokileta. Litazame kila jambo kwa jina lake, uliache mbele yake, uendelee.

Nina zoezi moja ninalolipenda kuliko yote, na ningemfundisha kila mgeni hili tu kama ningeruhusiwa kufundisha moja. Fungua macho. Tazama watu waliokaa pamoja nawe, mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kumkodolea mtu. Yule mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi pembeni. Yule aliyeinamisha kichwa kwa namna ambayo hukuiona wiki iliyopita. Mama anayemzuia mtoto wake asipige teke kiti cha mbele. Kwa kila mmoja usiombe jambo maalumu. Mweke tu katika Nuru, kama unavyomsogezea mtu kiti karibu na moto wakati wa baridi. Ukimaliza duara, jiweke na wewe. Mwisho wa zoezi hili utakuta kwamba umeacha kukaa peke yako kimya, na umeanza kukaa kimya na watu.

Kuna siku kimya kinazama. Marafiki husema mkutano umekusanywa. Mtu anakohoa na hakivunjiki kitu. Gari linapita nje, mlio wake unaingia na kutoka kama upepo. Unajua bila kuambiwa kwamba wengine nao wako mahali hapo ulipo. Sijui namna ya kukileta hicho kwa nguvu, wala sijakutana na anayejua. Jumapili nyingi ni kavu, na mtu anayekuja kwenye zile kavu ndiye anayewezesha ile moja.

Ukilala, umelala. Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya tatu: neno likikujia

Mtu yeyote anaweza kusimama na kusema, mwanachama au mgeni, mzee au kijana. Hapo ndipo ugumu ulipo: utajuaje kama ni wewe wa kusema?

Jiulize maswali manne, kwa mpangilio huu. Je, neno hili limetoka katika kimya hiki, au nimekuja nalo mfukoni? Je, ni langu la kunifundisha mimi, au ni la mkutano? Je, linaweza kusubiri mpaka wiki ijayo? Na nikilinyamazia, linazidi kunisukuma au linafifia? Lile linalofifia lilikuwa lako. Lile linalorudi kila unapoliweka chini, moyo ukidunda na mikono ikitoka jasho, lisimamie.

Ukisimama, sema kwa sauti ya kufika hadi kwa mzee asiyesikia vizuri, sema kwa maneno machache, kisha keti. Usijieleze kwa nini umesimama. Usirudie kwa maneno mengine ulichokwisha kusema. Usimjibu aliyesema kabla yako, hata kama amekosea. Ibada haina mjadala. Baada ya kila neno acha kimya kirefu, dakika kadhaa, lipate kushuka. Na usisimame mara mbili katika ibada moja.

Wapo wanaokuja wameazimia kusema na wapo walioapia mioyoni mwao kutosema kamwe. Wote wawili wameshafunga mlango kabla ya kuingia.

Niliwahi kusimama na neno kali juu ya habari iliyonikera. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, nikaketi nikiwa nimeridhika. Baada ya ibada mama mmoja mzee alikuja kukaa kiti cha pembeni yangu, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, neno lile lilianza kukuuma lini?” Nikamjibu, “Tangu jana jioni, mama.” Akanishika mkono akasema, “Basi lilikuwa la jana.” Hakuongeza. Kuna mikutano inayowateua wazee kwa kazi hiyo hasa: kuulinda moyo wa ibada, kumtia moyo mwenye haya na kumrudi taratibu anayezidisha maneno. Mzee mzuri hufanya hivyo faraghani, siku hiyohiyo, na kwa swali.

Nawe msikilizaji una kazi. Neno likiwa halikugusi, liache lipite likamtafute mwenyewe. Mara nyingi nimesikia neno lililonichosha, kisha nikaona mtu upande wa pili anafuta machozi.

Ibada inafungwa pale wazee wawili waliokaa pamoja wanapopeana mikono, na kila mtu humgeukia jirani yake kufanya hivyo.

Hatua ya nne: usiondoke

Baada ya mikono huja matangazo, majina ya wagonjwa, kukaribisha wageni. Kaa. Muulize mtu mmoja jina lake na ulikumbuke wiki ijayo. Omba kazi ndogo: kupanga viti, kufungua mlango, kuosha vikombe. Sijaona njia iliyo fupi zaidi ya kutoka ugenini.

Hatua ya tano: kikao cha shughuli

Mara moja kwa mwezi mkutano hukaa kuamua mambo yake, ndiyo maana jina lake la kawaida ni mkutano wa mwezi. Mikutano ya mwezi ya eneo moja huungana katika mkutano wa mwaka. Wageni wengi huona kikao hiki kama utawala, wakakikwepa. Nawasihi waje, hata kama ni kukaa tu na kutazama. Hapa ndipo utajua kama kile kimya cha Jumapili kilikuwa cha kweli.

Hakuna kura. Tangu karne ya 17 Marafiki hawapigi kura, kwa sababu swali lililo mezani si wangapi wanataka nini. Wanauliza Mungu anataka nini kwao, na kuhesabu mikono hakujibu swali hilo. Hakuna mwenyekiti pia. Kuna karani, ambaye huandaa ajenda, husikiliza, na kuandika.

Kikao kinakwenda hivi. Watu wanaanza kwa kimya cha kweli, si cha sekunde kumi. Karani anaeleza jambo la kwanza, na mwenye taarifa anaitoa. Anayetaka kusema anainua mkono au kusimama, anasubiri karani amtaje, na anaposema anamwelekea karani, hamwelekei yule asiyekubaliana naye. Anasema mara moja, anasema lile ambalo halijasemwa. Kama mwingine amekwisha kulisema, inatosha kutamka kwamba Rafiki huyo amesema lililo moyoni mwangu. Kati ya msemaji mmoja na mwingine panakuwa na pumzi. Mambo yakipanda joto, karani au mtu yeyote anaweza kuomba kimya, na kila mtu hunyamaza palepale, hata aliyekuwa katikati ya sentensi.

Karani anapoona njia imeanza kujitokeza, anasema: naona nia ya mkutano ni hii. Kisha anaandika kumbukumbu hapohapo, watu wakimsubiri kwa kimya, na kuisoma kwa sauti. Neno linarekebishwa, sentensi inakatwa. Ikikubaliwa, watu wanaitikia, “Tumekubali.” Hakuna kumbukumbu inayoandikwa nyumbani wiki mbili baadaye na mtu mmoja anayekumbuka anavyotaka.

Nitasimulia kikao kimoja. Mkutano wetu ulitaka kuondoa mabenchi marefu ya mbao na kuweka viti vya duara. Karibu wote walikubali. Bibi mmoja alisema hapana, akaketi. Kwa kura tungemaliza katika dakika mbili. Karani akaahirisha hadi mwezi uliofuata. Mwezi uliofuata bibi akasema hapana tena, na chumba kikaanza kuchoka naye; nilisikia mtu akishusha pumzi kwa nguvu, na nadhani alikuwa mimi. Karani akaomba kimya. Kilipokuwa kirefu, kijana mmoja akauliza, “Bibi, hayo mabenchi unayatumiaje?” Akaeleza kwamba benchi la karibu na mlango lina mkono wa mbao mwishoni, na ule mkono ndio anaoushika kuinuka, kwa kuwa magoti yamechoka. Viti vipya havikuwa na mikono. Alikuwa anaona haya kuomba kitu kwa ajili yake peke yake. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ile ilikuwa na sentensi mbili: viti viwekwe kwa duara, na benchi la karibu na mlango libaki mahali pake. Baadaye nikahesabu watu wanne wengine waliokuwa wanaushika mkono uleule.

Utakuwaje mtu wa msaada katika kikao? Njoo umesoma taarifa. Njoo na maoni yako, ila yashike kwa mkono uliofunguka. Kama jambo linakwenda upande usioupenda lakini unaona mkutano unaongozwa huko, unaweza kusema kwamba unakaa kando. Jina lako linaweza kuandikwa, na mkutano unaendelea. Ukiona moyoni kwamba mkutano unakosea kabisa, simama njiani, yaani uzuie uamuzi, lakini uwe tayari kurudi kikao kinachofuata ukiwa umeomba juu ya jambo hilo, hujatafuta tu wa kukuunga mkono.

Jambo likiwa kubwa na mioyo imegawanyika, msilete kwenye uamuzi haraka. Itisheni kwanza kikao cha kupepeta, ambapo kila mtu anasema yote aliyo nayo na hakuna uamuzi wowote utakaochukuliwa siku hiyo. Pumba ziruke, punje zibaki, ndipo karani alilete kwenye shughuli.

Kwa anayeshika ukarani: andika sehemu ya taarifa za kumbukumbu kabla ya kikao, uache tupu sehemu ya uamuzi. Kila kumbukumbu itaje nini kimekubaliwa, nani atafanya, na lini ataleta taarifa. Ukiwa na maoni mazito juu ya jambo fulani, mpe mwenzako meza kwa jambo hilo.

Sasa nalazimika kusema upande mwingine, kwa sababu ninaupenda utaratibu huu na sitaki mtu adanganyike nao. Upole huu una bei, na mara nyingine waliolipa hawakuwemo chumbani. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika malalamiko dhidi ya utumwa na kuyapeleka kwenye mkutano wao. Yakapandishwa ngazi hadi ngazi, yakaonekana mazito mno, yakawekwa kando. Mwaka 1738 Rafiki mmoja mpinga utumwa, Benjamin Lay, alisimama katika mkutano wa mwaka huko Burlington, akatoboa kwa upanga kitabu alichokiweka kibofu cha maji mekundu ndani, yakawarukia wenye watumwa kama damu. Marafiki walimfukuza. Rafiki mwingine, John Woolman, akazunguka miaka mingi nyumba kwa nyumba, akiongea na wenye watumwa kwa machozi na bila matusi. Ni mwaka 1776 tu ambapo mkutano wa mwaka wa Philadelphia uliwakataza wanachama wake kabisa kumiliki watumwa. Ni miaka 88. Kwa hiyo mkiahirisha jambo, ulizeni kila mara: nani anaumia wakati sisi tunasubiri, na je, yumo humu ndani aseme?

Hatua ya sita: kamati ya ubainifu

Hiki ni kitu ambacho ningependa kila jumuiya ya waumini iazime. Zamani kilikuwa cha wachumba: kabla ya ndoa, mkutano uliwateua watu wachache wahakikishe hakuna kizuizi. Siku hizi mtu yeyote mwenye uamuzi mzito, kuacha kazi, kuhama, kupokea mtoto wa kulea, anaweza kuomba.

Mwenye jambo anaandika ukurasa mmoja au miwili: swali ni nini, limetoka wapi, nini kinamvuta na nini kinamwogopesha. Anachagua watu watano hivi anaowaamini, wasiofanana. Wanakutana kwa saa mbili au tatu, mahali ambapo mlango unafungika. Kimya kwanza. Kisha mwenye jambo anaeleza, na wengine wanaruhusiwa kitu kimoja tu: maswali ya kweli. Hakuna ushauri, hakuna “mimi yaliponipata”, hakuna kumtetea wala kumliwaza haraka.

Swali la kweli ni lile ambalo muulizaji hana jibu lake kichwani. “Hujafikiria kuongea na mkuu wako?” ni ushauri uliovaa kanzu ya swali. “Ukiwaza kuondoka, mwili wako unahisi nini?” ni swali. “Ni nani unaogopa kumwambia?” ni swali. Yaulizwe polepole. Mwenye jambo ana haki ya kutojibu, na kama analia, aachwe alie. Kitambaa kikipelekwa upesi humwambia anyamaze.

Mwishoni, kama akipenda, wanamwambia walichokisikia, kwa maneno yake mwenyewe. Wakitoka nje ya mlango hawalitaji jambo hilo kwa mtu, hata kwake, mpaka alitaje yeye. Nimekaa katika kamati hizi kama muulizaji mara kadhaa, na kila mara nilishangaa jinsi ilivyo vigumu kufunga mdomo juu ya ushauri mzuri.

Hatua ya saba: kutunzana

Mwaka 1654 Margaret Fell alianzisha mfuko huko Kendal kwa ajili ya wahubiri waliosafiri na waliofungwa, na hesabu zake ziliandikwa: nguo, viatu, nauli. Utunzaji wa mkutano umekuwa na sura hiyo tangu mwanzo, ya vitu vya mkononi na daftari.

Teueni watu wawili au watatu wa kutazama watu. Kazi yao ya kwanza ni kuhesabu wasiokuwepo. Baada ya kila ibada waulizane: nani hatujamwona Jumapili mbili? Mmoja ampigie simu siku hiyohiyo, bila kumuuliza kwa nini hakuja. Amuulize anaendeleaje. Wawe na kiasi kidogo cha fedha wanachoweza kutoa bila kusubiri kikao, na taarifa yao itaje kiasi bila kutaja jina.

Ugomvi utakuja. Katika mkutano wa kimya hatari yake ni kwamba unaweza kukaa miaka chini ya kimya kile, watu wakiketi pande mbili za chumba. Fuateni Mathayo 18: nenda kwa mwenzako wewe na yeye peke yenu, kisha mchukue mmoja au wawili. Msiupeleke katika neno la kusimama ibadani, kwa mafumbo, mbele ya watu wasiojua. Nimeona neno la namna hiyo likiua ibada za mwezi mzima.

Ndoa na mazishi nayataja kwa kifupi, kwa kuwa yanafuata kimya kilekile. Katika ndoa hakuna anayewafungisha. Wawili wanasimama katika ibada wanapoona wako tayari, wanaahidiana kwa sauti zao, na wote waliopo, watoto pia, wanatia sahihi cheti kama mashahidi. Sheria ya nchi ina masharti yake, yashughulikieni mapema. Katika mazishi watu wanakaa kimya, na yeyote anaweza kusimama na kumshukuru Mungu kwa maisha ya aliyekwenda.

Hatua ya nane: watoto

Mwaka 1682, huko Bristol, watu wazima wa mkutano walipokuwa gerezani, watoto waliendelea kukutana wenyewe, wakavumilia vipigo na kuzuiliwa. Mkutano uliodumu kwa mikono ya watoto haupaswi kuwaona kama kelele.

Waingie na watu wazima kwa dakika kumi na tano za mwanzo au za mwisho, kisha wawe na darasa lao. Wafundisheni kimya kwa vitu: kusikiliza kengele ndogo hadi sauti yake ifie, kutazama mshumaa, kuchora jina la mtu wanayemwombea. Na kikao cha shughuli kikigusa jambo lao, waulizwe, majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu.

Hatua ya tisa: kuwa mwanachama

Unaweza kuhudhuria miaka bila kuwa mwanachama na usibaguliwe. Ukiona moyo umekaa, mwandikie karani barua kwa maneno yako. Mkutano utawatuma watu wawili waje kuzungumza nawe juu ya imani yako, mashaka yako, na jinsi ulivyofahamiana na mkutano. Hakuna ubatizo wa maji. Waulize na wewe maswali. Wanakubainisha kama nawe unavyowabainisha. Kisha jina lako linaletwa kikaoni, kumbukumbu inaandikwa, na pengine wiki ijayo utaombwa uingie kamati ya fedha.

Kama hakuna mkutano karibu nawe

Anzeni wawili. Chagueni siku na saa ambayo mnaweza kuitunza, hata ikiwa ni mara mbili kwa mwezi. Anzeni na dakika 20, mfike 30, kisha saa nzima mtakapoona 30 ni chache. Mtu mmoja apewe kazi ya kufunga kwa kupeana mikono, msiwe mnatazama saa wote. Kila mnapokutana someni swali moja la kujihoji kabla ya kimya, kwa mfano: ni nani niliyeacha kumsikiliza wiki hii? Msilijibu kwa sauti mpaka muda wa kimya uishe. Tafuteni mkutano wa mwaka ulio jirani, muwaandikie, mwombe Rafiki mzoefu aje kuketi nanyi mara chache kwa mwaka. Nunueni daftari moja la kumbukumbu tangu siku ya kwanza, hata kama kumbukumbu ya kwanza itasema tu kwamba mlikuwa wawili, na mmekubaliana kukutana tena. Na wekeni kiti cha tatu.